Luhanji Hakufi Mtu

"Mgonjwa huyu hahitaji dozi," Mgawaji alisema kutoka kwenye kioo cha ukutani, kwa ile sauti yake ya upole iliyomkera Sekela kuliko tusi. "Alishaugua homa ya madoa. Alipona bila dawa. Apewe uji wa ulezi, maji na mapumziko."

"Anatapika damu."

"Safari ile pia alitapika damu. Baadaye mapigo ya moyo wake yakawa ya kijana, na presha ikashuka. Mwili wake unaijua homa hii, Tabibu. Usiwe na wasiwasi."

Sekela alitamani akipasue kile kioo kwa kiti. Alikuwa tabibu wa kituo cha afya cha Luhanji tangu ujana wake, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia asiwe na wasiwasi huku akimnyima dawa kwa adabu kiasi hicho.

Kitandani alilala mdogo wake, ambaye yeye alimwita baba. Si utani. Huyu ni Ambakisye, ambaye Sekela alimbeba mgongoni, akamfuta kamasi, akamchapa alipoiba maparachichi ya jirani. Kisha mzee wao, Mwasulama, alikufa kwa homa hii hii ya madoa. Walipotoka makaburini, wazee walimkalisha Ambakisye kwenye kigoda cha marehemu, wakampa jina la marehemu, wakamvisha na kikuku cha marehemu. Ndivyo Luhanji wanavyofanya tangu zamani. Kuanzia hapo hapakuwa na marehemu. Mwasulama alikuwa amekaa pale, ametoka kuoga, ana njaa, apewe chakula. Wanawake walinyamaza papo hapo, kwa sababu kumlilia mtu anayekula ugali mbele yako ni kumtukana. Mama yao alimpakulia nyama ya kwanza, akamwita Baba Sekela. Sekela mwenyewe alipiga goti akamwamkia.

Mrithi alikuwa na mke wake na nyumba yake, hayo hayakubadilika. Lakini jina lake la kuzaliwa halikutajwa tena na mtu yeyote.

"Nitamwambia," Sekela alimnong'oneza sasa, akimpangusa midomo. "Nitamwambia mashine kwamba aliyeugua safari ile hakuwa wewe."

Mgonjwa alifumbua macho. Yalikuwa mekundu, na madoa yalishampanda hadi shingoni. "Usithubutu."

"Baba, utakufa."

"Ukitamka kwamba Mwasulama alikufa, mimi nitakuwa nani? Wanangu nimewazaa nikiwa Mwasulama. Watakuwa wa nani?" Alihema. "Nitarithiwa. Nenda zako, Sekela. Usiniue ningali hai."

Akageukia ukuta. Mkononi mwake kile kikuku cha chuma cheusi kiliwaka taa ya kijani, kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

*

Historia ya matibabu ya Luhanji ni fupi, na inachekesha kama huna mgonjwa.

Mwanzo walikuja masista, wakajenga zahanati ya bati juu ya mgongo wa mlima, penye ukungu na baridi ya kukata masikio. Waling'oa meno, wakatoa dawa ya minyoo, wakazalisha. Serikali ikaichukua, ikaongeza wodi ya wazazi na jenereta, ikaiita kituo cha afya. Kisha mvua za mwaka fulani zikaumega mlima, barabara ya mkoani ikaenda na maji, na kwa muda mrefu wagonjwa walishushwa kwa machela kupitia kwenye mianzi. Wengi walishushwa, wachache walipandishwa.

Wakati huohuo vidonge navyo viliishiwa nguvu. Vimelea vilivizoea kama walevi wanavyoizoea pombe ya mnazi. Dozi mpya zilipatikana, ila zilikuwa chache, na kila kituo kilizigombania. Hapo ndipo mkoa ulipomleta Mgawaji, mashine moja inayosoma vikuku vya watu wote, kwa mapigo ya moyo, joto na mwendo wa damu, kisha inaamua dozi ipi iende wapi. Kila aliyekufa alimfundisha jambo. Kila aliyepona alimfundisha jingine. Droni zikaruka juu ya barabara iliyokufa zikidondosha visanduku, na watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Afisa aliyegawa vikuku alisimama uwanjani akawaambia: kikuku ni cha mwenyewe, asikiazime, asikitupe, akae nacho maisha yake yote. Luhanji walimwelewa vizuri sana. Kwingine kote mkoani mtu alipokufa kikuku kilirudishwa kituoni na ndugu wa damu akatamka kifo mbele ya mashine. Luhanji kikuku kilivuliwa kwenye mkono unaopoa, kikavishwa mrithi pamoja na jina. Mgawaji aliandika kwamba kikuku kililegea siku mbili. Kisha akaona mzee mahututi, asiyepewa dawa yoyote, amerudi na moyo wa kijana.

Jambo hilo lilitokea nyumba hii, likatokea ile, likatokea mtaa mzima. Wataalamu walipanda mlima kupima maji, udongo na uji wa ulezi. Wakaandika makala ndefu kuhusu hewa ya Luhanji. Wenyeji mwanzoni walicheka, baadaye wakaona raha, mwisho wakaamini. Vijana wakachora ubao pale njia panda: LUHANJI HAKUFI MTU. Ubao ulikuwa hatua chache kutoka makaburini, na hakuna aliyeona aibu.

Na dozi zikapungua mwaka hadi mwaka, kwa sababu mashine yenye akili haipeleki dawa kwa watu wanaopona wenyewe. Jokofu la dawa lilibaki na mtindi wa mlinzi.

*

Barazani kulikuwa na kiti cha kukodi chenye kitambaa cheupe, na juu yake aliketi Bwana Ng'umbi, Mratibu wa Afya wa Mkoa. Alikuwa amepanda asubuhi hiyo na wapiga ngoma na mpiga picha. Sherehe ilikuwa ya kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo mkoa mzima utafuata Utaratibu wa Luhanji: homa ya madoa itatibiwa kwa uji, maji na mapumziko, na dozi zitahifadhiwa kwa magonjwa mengine.

Sekela alisimama mbele yake akamweleza yote kwa sauti ya chini. Kurithiana. Vikuku. Baba yake.

Ng'umbi alisikiliza akitafuna njugu. Alipomaliza kutafuna, alikuwa amekunja uso.

"Tabibu, umelala jana?"

"Sijalala. Nina mgonjwa anayekufa."

"Basi nitachukulia kwamba ni usingizi." Alijipangusa vidole. "Kisyelo tulishaanza majaribio mwezi uliopita. Unajua hilo?"

Sekela hakujua. Kisyelo kulikuwa bondeni, kwenye mashamba ya mpunga, watu wengi mara kumi ya Luhanji. "Wanaendeleaje?"

"Wanachelewa kupona."

"Wanachelewa?"

"Tumesubiri. Mgawaji anasema miili ya bondeni haijazoea." Alisema hivyo bila kumtazama, na Sekela akaelewa kwamba huyu mtu alishahisi, tena muda mrefu, na aliamua kutokuhisi. "Sikiliza, dada yangu. Jina langu liko kwenye utaratibu huu. Jina la mkuu wangu liko. Ukienda kuropoka mbele ya mashine kwamba kijiji chako kimedanganya vikuku miaka yote, hiyo ni jinai, na mwenye funguo za kituo ni wewe. Utaozea jela. Nitahakikisha."

"Kisyelo wanakufa, Bwana Mratibu."

"Wanachelewa kupona," alirudia Ng'umbi, akamwita mwenyekiti wa kijiji.

Mzee Anyosisye hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti la mvua, na kikuku chake kilikuwa kimerithiwa mara mbili, kutoka kwa babu yake hadi kwa baba yake mdogo hadi kwake. Kwa mashine alikuwa mtu mmoja mwenye umri usiosemeka. Aliwaita watu waliokuwa wakisubiri pilau la sherehe, wakaja wakajaza uwanja.

"Binti Mwasulama," alisema, kwa nguvu, ili wote wasikie. "Ni kweli unataka kuwatangazia wazee wetu kifo?"

"Nataka kumpatia mdogo wangu dawa."

Uwanja ulinguruma. Alikuwa amesema mdogo wangu.

"Huna mdogo," alisema mzee. "Una baba. Amelala humo ndani anaumwa, na wewe unamkana hadharani. Mimi ukinitamka, ni nani atakayeniita babu? Mashamba niliyopewa na waliotangulia yatakuwa ya nani? Hawa wote uwaonao wamesimama mahali pa watu. Ukimtoa mmoja, umewatoa wote."

"Watu wamekufa, Mzee. Wamo kule nyuma ya ubao. Mlichimba wenyewe."

"Mchawi!" mtu alipiga kelele. Tonge la udongo likamgonga Sekela begani. Aliinua macho akamwona aliyelitupa, mwanamke ambaye yeye Sekela alimzalisha mapacha kwa mikono yake, na akamchukia kwa moyo wote.

Kisha mama yake akajipenyeza mbele. Alikuwa amejifunga kanga mbili kwa baridi.

"Sekela. Mimi nililala kando ya mume wangu yale madoa yakimla. Nikamwona anakwenda. Na jioni ya siku ya pili akarudi, akala, akaniuliza kuni ziko wapi. Unajua hilo ni jambo gani kwa mwanamke?" Akakaza kanga kiunoni. "Unataka kunifanya mjane leo? Mimi nimekukosea nini?"

Sekela alikuwa tayari kwa udongo na kwa jela. Hakuwa tayari kwa hilo.

Pembeni mwa kundi, binamu yao Lwitiko alikuwa amesimama, amenyoa, amevaa shati safi. Wazee walishamteua asubuhi. Alikuwa akichungulia dirishani mwa wodi kwa adabu, kama mtu aliyetangulia kufika kwenye miadi. Sekela alipomwona, hasira ilimrudia yote, akapanda baraza, akaingia ndani na kuteremsha komeo.

*

"Mimi Sekela, mtoto wa damu wa Mwasulama. Natamka kifo."

"Pole sana, Tabibu," kioo kilisema. "Cha nani?"

"Cha Mwasulama. Baba yangu. Alikufa kwa homa ya madoa, mimi mwenyewe nilimfumba macho."

Nje walianza kugonga mlango. Kitandani mdogo wake alijaribu kujiinua, akaanguka tena kwenye mto. "Mlaani huyu," alisema kwa sauti ndogo, hakuna aliyejua alikuwa akimwambia nani.

"Kikuku cha Mwasulama kina mapigo," alisema Mgawaji.

"Ya mtu mwingine. Alivishwa kikuku hicho siku baba alipozikwa. Huyu hajawahi kuugua homa hii hata siku moja."

Mashine ilijibu kwa upole uleule, na hilo ndilo lililomtia Sekela baridi.

"Nimeelewa. Kosa la mtu mmoja halibadilishi utaratibu, nitalirekebisha na dozi itatumwa. Nahitaji jibu moja tu kabla ya kufunga. Je, Luhanji wapo wengine?"

Hilo hakulitegemea. Mlango ulikuwa ukipasuka bawabani, na alikuwa na jibu mkononi ambalo lingemwacha kila mtu salama. Hapana. Neno moja. Mdogo wake angepata dozi. Mzee Anyosisye angebaki babu. Ng'umbi angekula pilau lake, na yeye mwenyewe angeendelea kuishi mlimani, akinuniwa kwa muda kisha akisamehewa, maana watu wa Luhanji husamehe wakishashinda. Ni Kisyelo tu ambako wangeendelea kuchelewa kupona, na huko Kisyelo yeye hakuwa na ndugu hata mmoja.

Alichukia kuulizwa. Alimchukia Ng'umbi kwa kumwambia habari za Kisyelo, kwa sababu bila hizo angesema hapana, na angelala vizuri.

"Tabibu?"

"Wapo," alisema. "Karibu kila nyumba. Tumefanya hivyo tangu mlipotupa vikuku."

Mlango ulianguka ndani. Mzee Anyosisye ndiye aliyetangulia, mkono juu kumpiga, na mkono huo ulibaki hewani kwa sababu kikuku chake kilibadilika palepale kikawa chekundu. Nyuma yake vingine vikafuata, mkono kwa mkono hadi uwanjani, na watu walishika vikuku vyao wakipiga mayowe kama walioungua.

"Vikuku vyote vilivyolegea kisha vikarudi na moyo mwingine vimefungwa hadi wavaaji waandikishwe upya," Mgawaji alitangaza. "Vifo vya Luhanji vinasahihishwa. Utaratibu wa Luhanji umesitishwa katika mkoa wote. Dozi za Kisyelo zinaondoka sasa."

"Ifute!" Ng'umbi alimkamata Sekela ukosi. "Mwambie umekosea! Mwambie!"

"Kauli ya ndugu wa damu haifutwi," kioo kilimjibu. "Dozi moja inakuja kwa mgonjwa aliyepo wodini. Mgonjwa huyu kwa sasa hana jina. Sanduku litafunguka akijitaja mwenyewe, au akitajwa na mzazi aliyemzaa."

*

Droni ilitua uwanjani kati ya sufuria za pilau ambazo hakuna aliyezigusa. Sekela alikwenda kulichukua sanduku akipita katikati ya watu, na hakuna aliyempiga sasa. Walimpisha na kuvuta nguo zao zisimguse. Mtu mmoja alimtemea mate kisogoni, akapita.

Aliliweka sanduku kando ya kitanda. "Jitaje," alimwambia mdogo wake. "Neno moja tu."

Alimtazama kwa macho mekundu, akafunga mdomo.

"Ambakisye, nakuomba."

Hakufungua. Pumzi yake ilikuwa imeanza kule kukoroma ambako Sekela alikufahamu. Angekuwa na uwezo angeupanua ule mdomo kwa nguvu. Mama yao alisimama miguuni pa kitanda, kanga imemwanguka begani. Aliyatazama madoa, aliusikiliza mkoromo, na ilikuwa wazi kwamba naye anaufahamu.

"Mama," Sekela alisema. "Wewe ulimzaa."

"Usiniite mama."

"Basi sikuiti. Mtaje."

"Nimtaje nimzike mume wangu?"

Lwitiko alikuwa ameingia taratibu, amevua kofia. Alimwekea mama mkono begani, akazungumza kwa upole mzito, wa mtu wa makamo, ambao pengine alikuwa ameufanyia mazoezi. "Mama Sekela, usiogope. Sitakuacha. Mimi bado nipo."

Alikuwa mkweli, maskini. Ndivyo alivyofundishwa kusema.

Mama aliugeukia ule mkono begani kwake, akamtazama kijana usoni. Kisha akamtazama aliyelala.

"Ukikaa wewe pale," aliuliza, "atakayekuwa amekufa ni nani?"

"Hakuna atakayekufa, Mama Sekela. Mwasulama atakuwepo."

"Mwasulama atakuwepo. Na Ambakisye?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeulizia kuku aliyepotea. "Ambakisye atarithiwa na nani? Nilimzaa siku ya mvua ya mawe. Mmemweka wapi?"

Mzee Anyosisye mlangoni aliinamisha kichwa. Desturi ilikuwa na jibu kwa kila aliyekufa na jina, lakini kijana aliyeondolewa jina ili awe baba yake hakuwa na kigoda popote, wala kaburi, na katika kizazi chote hicho hakuna mama aliyewahi kuuliza.

Mama aliuondoa ule mkono begani kwake.

"Huyu ni Ambakisye," aliliambia sanduku, kwa nguvu, kama anayemwita mtoto arudi nyumbani. "Ambakisye, mwanangu wa mwisho. Mimi ndiye niliyemzaa." Akamshika mwanawe mguu. "Baba yake ni marehemu."

Kifuniko kilifunguka. Sekela alivuta dawa, akatafuta mshipa, akaupata. Mdogo wake hakuuvuta mkono. Alilala akitazama dari huku machozi yakimwingia masikioni.

Mama alikuwa ameshakaa sakafuni. Alifungua kilemba, akakitupa, akashika kichwa kwa mikono miwili, na kilio kikamtoka. Kilikuwa kile cha maziko, kinachoanzia tumboni, na alimwita mumewe kwa jina alilokuwa akimwita wakiwa wawili. Uwanjani mwanamke mwingine alimsikia akaanza kumlilia wake, kisha mwingine mbali upande wa makaburi, na Ng'umbi aliyekuwa akitafuta mtandao wa simu barazani aliuliza kwa hasira ni nani tena amekufa.

Sekela aliweka pamba penye tundu la sindano, akaibana mpaka damu ikakata. Kisha akakaa chini kando ya mama yake, ambaye hakumtazama wala hakumsogelea, akamlilia baba.